Spika ya Manyanda

Mwaka 1999, kuanzia masika mpaka mahindi yalipokauka, mimi sikuwa na sebule. Nilikuwa na nyaya. Zilianzia kwenye kabati la vyombo, zikapita chini ya meza, zikazunguka kigoda cha baba mkwe na kuishia mlangoni, na ole wako uzikanyage. Mume wangu Machibya ni mtu ambaye mbuzi wa jirani akila mchicha wetu humwomba taratibu atoke. Lakini miezi ile, ukigusa waya tu, alikuwa anapiga kelele mpaka wapita njia wanasimama.

Machibya alikuwa na kibanda cha kuchapa barua pale Kashaulili, jirani na soko. Alianza na taipureta, halafu shirika moja lililokuwa likihudumia wakimbizi lilipofunga ofisi yake Mpanda, likamwachia laptop iliyopasuka kona ya kioo, maana alikuwa mtunza stoo wao na hakuna aliyetaka kuibeba. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kompyuta. Ni mtu asiyeweza kuona kitu kizima kikakaa salama. Pasi yangu aliifungua ikiwa inafanya kazi, akairudishia, ikabaki skrubu moja mezani. Mpaka leo sijui ni ya wapi, na pasi inapiga shoti.

Basi mwaka huo baba yake, mzee Maduhu, akaletwa kwetu kutoka kijiji cha Kasansa atibiwe magoti. Walimleta kwa lori la mpunga, amekaa juu ya magunia na fimbo yake, amenuna. Mzee Maduhu alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma. Nasema alikuwa, kwa sababu tangu mwaka 1994 hakuwa ameimba hata mstari mmoja. Hata mjukuu wake Sikujua akilia, alimbembeleza kwa kumgongea fimbo sakafuni.

Mimi ni Mfipa, mambo ya Wasukuma nimeolewa nayo, kwa hiyo nitaeleza kama nilivyoelezwa. Kwao ngoma mbili hazichezwi kwa zamu. Zinachezwa wakati mmoja, uwanja mmoja, zimetazamana, kila manju anamwimba na kumtukana mwenzake, na watu wanasimama katikati. Upande mmoja ukikukolea unausogelea, na mwingine ukizidi unageuka na kwenda huko. Jioni ikifika, mwenye watu wengi kashinda. Hakuna jaji wala kikombe, ni miguu ya watu tu.

Mwaka 1994, pale Kasansa, miguu ya watu ilimwacha mzee Maduhu mchana kweupe. Walimgeuzia mgongo wakamfuata Manyanda, manju wa upande wa pili, rika lake, mtu aliyehama naye kutoka kaskazini wakiswaga ng'ombe pamoja. Mzee aliendelea kuimba mbele ya uwanja mtupu mpaka jua likazama. Usiku huo akatangaza kwamba Manyanda ametumia dawa, na tangu hapo hawakusemezana.

Masika yale dereva wa lori alileta salamu kutoka kwa Manyanda. Alisema naye miguu inamwishia, na kwamba baada ya mavuno angependa wakutane uwanjani mara ya mwisho, kisha kila mtu akapumzike.

“Mimi siendi kushindana na mganga,” alisema mzee. “Mwambieni atafute mganga mwenzake.”

Dereva alipoondoka, Machibya akasema, “Baba, kanda si zipo?”

Kanda zilikuwepo kweli. Siku ile ya 1994 Machibya aliweka redio kaseti upande wa baba yake, na mdogo wake Amosi akaweka nyingine, ya kuazima, upande wa Manyanda. Ya baba ilikuwa imepigwa mpaka utepe umechoka. Ya Manyanda haikuwahi kupigwa, kwa sababu mzee alikataza sauti ile isiingie nyumbani kwake.

Mzee aliichezea fimbo yake. “Unaweza kuzipiga zote mbili mara moja?”

“Naweza.”

“Mimi nikae katikati?”

“Ndiyo, baba.”

“Basi niweke katikati. Miaka yote nimeimba, sijawahi kukaa katikati. Nataka nisikie walichosikia wale watu. Nikisikia dawa, siendi. Nikisikia mtu anaimba, nitakwenda.”

Nilikuwa nachambua mchele mlangoni. Nilitaka kuuliza dawa inasikikaje kwenye kaseti, lakini huyo ni mkwe, nikaupuliza mchele wangu.

Machibya yeye hakuwa na swali. Yeye alijua baba yake alishinda siku ile, na kwamba watu walidanganywa. Alikuwa karibu na ngoma za baba, alisikia kwa masikio yake. Akaniambia chumbani, “Mzee akisikia jinsi alivyoimba, atasimama. Atakwenda Kasansa na atamfuta Manyanda.” Nilimwona macho yanang'aa kama mtoto anayesubiri sikukuu, nikajua nimekwisha.

Jaribio la kwanza lilikuwa la akili, maana wazo lilikuwa langu. Nikasema chukua redio mbili, moja mbele, moja nyuma, ziwashe, yaishe. Tukaziwasha. Zilianza vizuri, halafu baada ya muda mzee akainua mkono.

“Simamisha. Mbona hapo nimemjibu, na Manyanda hajanitukana bado?”

Ile redio ya kuazima betri zake zilikuwa zimechoka siku ya kurekodi, kwa hiyo kanda moja inakimbia na nyingine inajivuta. Tukarudisha nyuma, tukaanza upya, tukabonyeza pamoja huku Machibya akihesabu. Ikawa vilevile. Mzee alikasirika kweli. “Mnanifanya niwe mwehu,” alisema. “Mtu anajibu matusi ambayo hajatukanwa.”

Hapo Machibya akasema kazi hii ni ya kompyuta. Kanda zitaingizwa ndani, atazikata vipande vipande na kuzilinganisha kwa filimbi ya mwenyekiti wa kijiji ya kuanzisha ngoma, ambayo ilisikika kote kuwili. Sawa. Lakini tundu la sauti la ile laptop lilikuwa linanguruma kama jiko la mchina, huwezi kutofautisha ngoma na radi. Akampigia simu Amosi, ambaye alikuwa anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya umeme Dar es Salaam. Amosi akamwambia kuna kijisanduku, kadi ya sauti ya nje, unakichomeka kwenye kompyuta na chenyewe kinatoa spika nne, mbili za mbele na mbili za nyuma, sauti inamzunguka mtu. Machibya alirudi kutoka posta anatembea juu juu. Maneno yale, sauti inamzunguka mtu, aliyasema mpaka Sikujua akayajua.

Kijisanduku kikaja kwa treni, kimefungwa kwenye kanga, na spika zake nne kwenye boksi. Kilikuwa kidogo, ningeweza kukiweka kwenye kopo la majani ya chai. Machibya akakichomeka. Kompyuta ikasema haikijui. Inataka programu yake, na programu iko kwenye sidii, na laptop ya shirika haina mahali pa kuingiza sidii. Amosi hakujua. Ikabidi aikate programu kwenye flopi na kuzituma kwa treni iliyofuata. Zikafika, flopi ya mwisho ikagoma kusomeka. Tukangoja tena. Nasema tukangoja, kwa sababu na mimi nilikuwa nangoja, sebule yangu irudi.

Flopi nzuri ilipofika, umeme ukawa wa zamu. Ukirudi, kompyuta inaanza upya, na ikianza upya inasahau kwamba jana ilikijua kijisanduku. Machibya alikuwa anachomoa, anachomeka, anazima, anawasha, jasho linamtoka, chakula kinapoa. Halafu kompyuta ikajaa. Kuingiza kanda mbili kulimaliza nafasi yote, akafuta kazi za wateja ili apate pengo. Mwalimu mkuu mmoja alifika kibandani kuchukua mitihani yake akaambiwa ichapwe upya. Nilisikia habari hiyo sokoni, kwa muuza nyanya, mume wangu hakunieleza.

“Baba Sikujua,” nilimwambia, “utatulaza njaa kwa ajili ya ngoma ya miaka mitano iliyopita.”

“Ni baba yangu yule.”

“Najua ni baba yako. Nampikia mimi.”

Akairudia kompyuta yake. Alikuwa anakata na kubandika. Hilo lazima nimpe, kazi ile aliifanya vizuri. Kanda ya baba aliiweka upande wa kushoto wa sauti, ya Manyanda upande wa kulia, na kila tusi likapata jibu lake mahali pake. Alibaki na spika tu.

Na spika ndizo zilizomtoa roho. Kijisanduku kilikuja na karatasi yenye picha ya mtu amekaa kwenye sofa, spika mbili mbele yake, mbili nyuma yake. Machibya akaifuata picha ile kama agizo la daktari. Sebule yetu ni nyembamba, hakuna kona za kuchezea, kwa hiyo spika mbili za mbele zilibanana juu ya kabati langu na mbili za nyuma zilibanana juu ya sanduku la nguo, mlangoni. Akamkalisha mzee kwenye kigoda, katikati kabisa. Akawasha.

Mbele waliimba wote wawili. Nyuma wakaimba wote wawili. Spika za nyuma zilikuwa zinarudia tu yale ya mbele.

“Tumekuwa wanne,” alisema mzee. “Maduhu wawili na Manyanda wawili. Sisi hatusimami hivyo. Mimi nakuwa huku, yeye anakuwa kule.”

“Najua, baba. Narekebisha.”

Alirekebisha kwa majuma. Alitaka kompyuta ipeleke kanda moja mbele na nyingine nyuma, na kompyuta haikutaka. Alibonyeza kila kilichobonyezeka. Alifungua kijisanduku kwa bisibisi, nikafumba macho, akakifunga. Mara sauti zikapotea zote. Mara zikarudi, na ule mngurumo nao. Akaenda posta kumpigia Amosi akarudi uso umemshuka. Amosi alikuwa amemuuliza fundi wa dukani, na fundi akasema kijisanduku ni kizima, ndivyo kilivyoumbwa. Kama sauti haikurekodiwa kwa pande nne, chenyewe kinarudia zile mbili, basi.

Machibya alikaa kwenye ngazi ya mlango, karatasi yenye picha ya mtu wa sofa mkononi. Mahindi yalikuwa yanavunwa. Kasansa wangeanza ngoma wakati wowote, na mzee alikuwa ameanza kuulizia lori la kurudi nyumbani. “Acha tu, mwanangu,” alimwambia. “Yule mtu hata kwenye mashine ana dawa.” Sijawahi kuona maneno ya upole yakimuumiza mtu vile. Nilimhurumia, na nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilikuwa inasali nyumbani kwetu. Zamu ikifika imefika, huwezi kuwaambia akina mama wa jumuiya kwamba Bwana asubiri mume wangu anatengeneza spika. Machibya alikuwa kibandani anachapa ile mitihani. Mimi nikafunga kitenge kiunoni nikaanza kutoa uchafu. Juu ya kabati nilitaka nafasi ya msalaba na mishumaa, kwa hiyo spika moja nikaisukuma pembeni na nyingine nikaishusha na waya wake mrefu mpaka mlangoni, juu ya sanduku. Zile mbili zilizokuwa pale mlangoni nikazichomoa nikazitupa chumbani chini ya kitanda, maana wanakaa wapi watu. Tukasali, tukaimba, wakanywa uji, wakaondoka.

Machibya alirudi akasimama katikati ya sebule. Akatazama kabati, akatazama mlango.

“Mama Sikujua. Umefanya nini?”

“Nimefagia,” nilimwambia, na nilikuwa tayari kwa vita.

Alinung'unika, alisema maneno ambayo siyaandiki, akawasha mashine ili anionyeshe nilivyoiharibu. Kabatini ikatoka sauti ya mzee Maduhu, peke yake. Mlangoni ikatoka sauti ya Manyanda, peke yake. Tukasimama katikati, mimi nimeshika ufagio, tukiwa tunatukaniwa huku na huku.

Spika ya kushoto mbele, ya kulia nyuma. Ndiyo hivyo tu. Kazi ya spika mbili na waya mrefu. Machibya aliketi chini, sakafuni. Nilidhani atacheka. Akasema, “Miezi yote hii,” akajishika kichwa. Baadaye alizitoa zile mbili chini ya kitanda akazipanga juu ya kabati, hazijachomekwa popote. Alisema ni kwa ajili ya mpangilio, nami nikamwachia.

Jumapili mchana, umeme ukiwepo, mzee Maduhu alioga, akavaa shati lake jeupe na kofia. Alikaa kwenye kigoda akatazama kabati, yaani akajitazama mwenyewe, mgongo kaupa mlango. Machibya alichuchumaa kando ya kabati. Mimi nilikaa jikoni mlango wazi, kama mkwe anavyotakiwa, lakini naona kila kitu.

Filimbi ya mwenyekiti ikalia pande zote mbili. Ngoma zikaanza.

Mzee alisikiliza kabati. Alijitikisa kidogo, midomo inafuata maneno yake mwenyewe. Alikuwa na sauti nzuri, sikatai, nzito, yenye maringo. Machibya alinitazama kana kwamba anasema umeona. Kisha mlangoni Manyanda akajibu. Sielewi Kisukuma sana, lakini nilisikia kicheko cha watu ndani ya spika, halafu ngoma yake ikabadilika, ikawa ndogo, ya chini, na yeye akawa kama anaongea tu na mtu mmoja. Mzee Maduhu akaacha kujitikisa.

Aligeuza kichwa kwanza. Kisha akageuza kigoda, nusu.

Machibya aliliona hilo. Kila spika ilikuwa na kitufe chake cha sauti kwa nyuma. Niliuona mkono wake ukipita taratibu nyuma ya ile ya kabatini, ukazungusha. Sauti ya Maduhu ikapanda, vikombe vyangu vikaanza kugongana. Manyanda akafunikwa karibu kabisa. Sikumlaumu. Alikuwa mtu mzima mwenye kibanda na mke, lakini pale alikuwa mtoto aliyesimama upande wa baba yake uwanja ukiwa mtupu, anaita watu warudi.

Mzee akashika fimbo yake, akasimama. Magoti yalimuuma, ilionekana. Machibya naye akainuka nusu, uso umemfunguka, maana hicho ndicho alichokuwa anakingoja, mzee kusimama. Mzee akaligeuzia kabati mgongo. Akaenda mlangoni, hatua kwa hatua, akavuka nyaya moja moja bila kukanyaga hata mmoja, akainama kwenye sanduku la nguo, akatega sikio kwa Manyanda.

“Machibya,” alisema. “Punguza huyo wa kabatini.”

“Huyo ni wewe, baba.”

“Najua ni mimi. Punguza, ananipigia kelele.”

Machibya hakusogea. Mzee alingoja bila kugeuka. Mwishowe mkono ukarudi nyuma ya spika, ukazungusha, na sauti ya mzee Maduhu ikashuka mpaka ikabaki mbali, kama mtu anayeimba shamba la pili. Manyanda akajaa sebule yote. Mzee alisimama pale mpaka kanda ikaisha, na mwishoni, kwenye kiitikio, nilimsikia akiitikia. Taratibu, kwa sauti iliyokaa miaka bila kutumiwa.

Kanda ilipokwisha alibaki ameegemea fimbo.

“Hakuna dawa,” alisema. “Mtu anaimba. Niulizie lori la Kasansa.”

“Atakushinda tena, baba,” alisema Machibya.

“Atanishinda,” alisema mzee. “Safari hii nitamsikia.”

Alitoka nje kukaa kivulini. Machibya alianza kukunja nyaya, anazivuta kwa hasira, anazirundika juu ya meza yangu. Kijisanduku alikichomoa mwisho, akakishika kiganjani muda mrefu.

“Nimefanya kazi yote hii,” aliniambia, “nikamtoa baba upande wangu.”

Nikachukua zile spika mbili zisizochomekwa popote nikazipangusa vumbi, nikazirudisha chini ya kitanda.